Nairobi ni Maabara ya Uchumi, Mwanafunzi Wake Yuko Wapi?

Kama umesoma uchumi, iwe Nairobi, Manila ama Boston, kuna modeli moja ambayo haikukupita: ya Harris na Todaro. Ndiyo ile inayoeleza kwa nini watu wanazidi kumiminika mjini hata mji ukiwa hauna kazi. Mwaka wa 2011, jarida la American Economic Review lilipotimiza miaka 100, liliteua makala 20 bora kati ya yote liliyowahi kuchapisha. Ya Harris na Todaro, ya mwaka wa 1970, yalikuwa ndani.

Makomredi wengi wanaikariri kwa sababu ya mtihani, wanachora ile grafu, wanaenda zao. Ambacho wengi wetu hatuambiwi darasani ni kwamba hiyo modeli ni ya hapa. Wakati makala hayo yanachapishwa, Michael Todaro alikuwa mtafiti wa Taasisi ya Masomo ya Maendeleo, IDS, pale Main Campus kando ya Harry Thuku Road. John Harris naye alikuwa amepitia hapo hapo. Walikuwa wanaitazama Kenya. Mwaka wa 1964, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikuwa wametia sahihi mkataba wa pande tatu: waajiri waongeze nafasi za kazi, wafanyakazi nao watulize madai ya mishahara. Habari zikasambaa, watu wakafunga virago wakaja Nairobi, na foleni ya kutafuta kazi ikawa ndefu zaidi.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Tuseme shambani unapata shilingi 300 kwa siku. Tao kazi inalipa 800, lakini uwezekano wako wa kuipata ni nusu. Kwa matarajio, tao ni 400. Unapanda matatu. Sasa serikali ikiongeza kazi tao, uwezekano unapanda, na jirani yako aliyekuwa anasitasita naye anapanda matatu. Unaweza kuongeza kazi na bado ukaongeza wasio na kazi. Ni wazo ambalo mtu yeyote aliyewahi kulala kwa binamu yake Kawangware akisubiri "kitu itokee" angelielewa bila grafu.

Sasa swali langu. Kama wazo lilitoka hapa, mwanafunzi wa uchumi wa hapa alikuwa wapi likitoka?

Tuanze na Todaro mwenyewe, kwa sababu hadithi yake ina funzo. Alimaliza shahada ya kwanza mwaka wa 1964 katika chuo kidogo cha Marekani kinachoitwa Haverford. Hakuwa profesa, hakuwa daktari wa chochote. Alikuwa na mwalimu, Philip Bell, aliyekuwa akifundisha uchumi Makerere, na huyo mwalimu akamshika mkono akamleta Afrika Mashariki kwa mwaka mmoja. Ndipo akaamua atasomea uchumi wa maendeleo. Kijana wa shahada moja akaonyeshwa swali, akaenda Yale kulitafutia jibu, akarudi Nairobi kulimalizia.

Joseph Stiglitz, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2001, alikuja IDS mwaka wa 1969 akiwa na miaka 26. Yeye mwenyewe ameandika kwamba muda aliokaa Kenya ulikuwa muhimu sana katika kukomaa kwa mawazo yake kuhusu uchumi wa habari, yaani nini kinatokea sokoni wakati upande mmoja unajua kitu ambacho upande mwingine haujui. Miaka 26! Huo ni umri wa watu ninaowajua ambao bado wanasubiri kuitwa kwenye mahojiano ya kazi.

Halafu ikaja 1972. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilituma ujumbe mkubwa Kenya ukiongozwa na Hans Singer na Richard Jolly. Ujumbe ulikuja kutafuta wasio na kazi. Ukakuta mafundi, wachuuzi, washonaji na mama wa vibandani wanaofanya kazi kutwa na bado ni maskini. Ripoti yao ndiyo iliyotangaza dunia nzima neno "sekta isiyo rasmi". Keith Hart alikuwa amelitumia mwaka mmoja kabla, akizungumzia mtaa wa Nima kule Accra, lakini ni ripoti ya Kenya iliyolipeleka kwenye kila wizara ya mipango. Ripoti hiyo hiyo iliitaka serikali iache kubomoa vibanda na makao ya watu hawa. Somea hiyo sentensi mtu wa Kawangware ama Kangemi leo uone atakavyocheka.

Si ati Wakenya hawakuwepo. Wakati huo IDS iliongozwa na Dharam Ghai, mwanauchumi mzaliwa wa Kenya. Na miaka saba kabla, Julai 1965, Barack Obama, baba ya yule Obama wa Marekani, alikuwa amechapisha kwenye East Africa Journal ukosoaji wa Waraka Namba 10 wa Tom Mboya na wenzake kuhusu Ujamaa wa Kiafrika. Alihoji kwa nini ardhi ipimwe kwa umiliki wa mtu mmoja mmoja wakati kuna ukoo, na kwa nini matajiri wasitozwe kodi kubwa zaidi. Unaweza kukubaliana naye ama ukatae. Lakini lilikuwa swali la mtu aliyeujua Nyanza kwa miguu yake.

Kwa hivyo akili ya hapa ilikuwepo. Kilichokosekana ni ngazi ya kumpandisha mwanafunzi wa shahada ya kwanza hadi mahali maswali yanapoulizwa. Na hapo chuo chenyewe kilikuwa na mfano, ila katika idara nyingine. Miaka ya mwanzo ya 1970, Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilikuwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza waliorudi vijijini kwao, wakakaa na wazee, wakarekodi habari za ardhi, biashara na utawala wa kikoloni, wakaziandika kama tasnifu. Fungua vitabu vizito vya historia ya Kenya vilivyoandikwa tangu hapo, angalia tanbihi. Utakutana nazo: tasnifu ya B.A., Chuo Kikuu cha Nairobi, 1971, 1972, na kadhalika. Maprofesa wa Ulaya na Marekani wanamnukuu mtu aliyekuwa na miaka 22 kwa sababu alikwenda mahali wao hawakufika, na alijua lugha.

Weka hilo akilini, nitalirudia.

Ikaja miaka ya 1980. Bei za kahawa na chai zikayumba, deni likapanda, na Benki ya Dunia na IMF wakaja na masharti ya marekebisho ya uchumi. Afrika nzima ikajikuta haina wanauchumi wa kutosha wa kukaa mezani na kubishana kwa takwimu. Mwaka wa 1988 ukaanzishwa Muungano wa Utafiti wa Uchumi Afrika, AERC, makao makuu Nairobi. Ukajenga mpango wa pamoja wa shahada ya uzamili mwaka wa 1993, kisha wa uzamifu mwaka wa 2002. Ukiona gavana wa benki kuu ama waziri wa fedha sehemu fulani ya Afrika, kuna uwezekano mzuri amepitia mikononi mwao. Kenya nayo ikaunda KIPPRA, taasisi ya serikali ya utafiti wa sera, kwa tangazo la mwaka wa 1997, ikaanza kazi 1999. Mpango wake wa wataalamu chipukizi unachukua waliokwisha hitimu.

Uliona kitu? Kila mlango ulijengwa juu ya ngazi ya shahada ya kwanza. Na ilikuwa na mantiki: nyumba ikiungua unaita wazima moto, hufungui shule ya wazima moto. Walihitajika madaktari wa uchumi haraka. Wakati huo huo, chini kule, madarasa yalikuwa yanafurika. Chuo kilikuwa kimefungwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, foleni ikarundikana, wanafunzi wakaingia kwa mafungu mawili mawili, kisha 1990 wakaja wa kwanza wa 8-4-4. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia kadhaa hawezi kumshika mtu mkono kama Bell alivyomshika Todaro. Akifaulu kusahihisha karatasi zote, mshukuru Mungu.

Ila kitu kilichojengwa kwa dharura kimekuwa desturi. Dharura ilikwisha, mlango ukabaki pale pale juu.

Hebu tutembee. Toka Main Campus, panda kuelekea Milimani: hapo ndipo AERC ilipo. Songa mpaka Bishops Road: KIPPRA. Ingia 46 ya Kawangware, shuka Kilimani, uko karibu na Tegemeo ya Chuo Kikuu cha Egerton, ambayo tangu miaka ya 1990 imekuwa ikifuatilia familia zile zile za wakulima kujua mavuno na mapato yao. Vuka uende Riverside, kuna IPA. Upande wa Ngong Road ndiko Busara ilikojenga maabara yake ya tabia za kiuchumi, ikiwaalika watu wa Kibera waje wacheze michezo ya pesa kwenye skrini za kugusa. Malizia Waiyaki Way kuelekea Kabete, kwa NACOSTI wanaotoa leseni za utafiti. Kwa nauli ya siku moja umezunguka mkusanyiko wa taasisi za utafiti wa uchumi ambao miji mingi ya Afrika haina. Na mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uchumi anaweza kumaliza miaka yake 4 bila kukanyaga hata mlango mmoja.

Lakini kuna mlango wa nyuma ambao tunapita sana, na hapa ndipo historia ya karibuni inaingia.

Michael Kremer alimaliza shahada ya kwanza Harvard mwaka wa 1985, akaja kufundisha sekondari magharibi mwa Kenya. Tena, kijana wa shahada moja. Miaka ya 1990 akarudi, na mwaka wa 1998 ukaanza Busia mradi wa dawa za minyoo katika shule 75, zikagawanywa makundi 3, kila kundi likaanza kupata dawa mwaka wake ili walinganishe. Makala yake na Edward Miguel yakatoka 2004. Mwaka wa 2019 Kremer akashinda Nobel pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa njia hiyo ya majaribio ya mashinani. Tangu hapo Kenya imekuwa moja ya nchi zilizofanyiwa majaribio mengi ya uchumi: pesa taslimu kwa familia maskini, mbolea, mikopo, M-Pesa.

Majaribio hayo yanahitaji watu wa kuuliza maswali mlangoni. Yaani enumereta. Yaani sisi.

Nilifanya kazi hiyo nikiwa mwaka wa tatu, kwa shirika moja ambalo sitalitaja, Kawangware na pembezoni mwa Kangemi. Kishikwambi mkononi, dodoso la kurasa kama za Biblia, unalipwa kwa siku. Mama mmoja muuza mboga alijibu maswali kwa zaidi ya saa moja, wateja wakija anasimama, anarudi. Tulipofika mwisho akaniuliza, "Sasa haya majibu huwa yanaenda wapi, mwanangu?" Sikuwa najua. Hakuna aliyekuwa ametuambia swali la utafiti ni lipi, eti tusije tukayapinda majibu. Sawa, hiyo naielewa. Lakini hata baada ya kumaliza, hakuna aliyetuita kutueleza kilichopatikana. Yule mama aliniambia pia kitu ambacho hakikuwa na kisanduku kwenye dodoso: kwamba siku ya mvua huwa hanunui sukuma nyingi Kangemi, kwa sababu vijana wa mjengo hawapati kazi siku hiyo na hao ndio wateja wake wa jioni. Hiyo ni nadharia nzima ya mahitaji, imetoka kwa mtu aliyekaa kwenye ndoo.

Sisemi kazi ya enumereta ni mbaya. Imelipa rodha ya watu wengi, na inakufundisha kusikiliza kuliko kozi yoyote. Ninachosema ni kwamba kubeba dodoso na kubeba swali ni vitu viwili, na sisi tumezoeshwa kubeba kimoja.

Najua majibu. Ati mwanafunzi wa shahada ya kwanza hajui ekonometriki ya kutosha. Kweli, wengi hatujui. Lakini wale wa Idara ya Historia hawakuwa na ustadi wa ajabu pia. Walikuwa na swali dogo, mahali wanapopajua, na mwalimu aliyesoma walichoandika. Ati wahadhiri wamelemewa. Kweli pia, na ndiyo maana nataja hizo taasisi za Milimani, Bishops Road na Riverside, ambako kuna watafiti wanaolipwa kufanya utafiti. Kila moja ikichukua wanafunzi wawili kila muhula, wasiwe wa kupiga kopi na kuleta chai wakati wa atachimenti, wawe wa kusafisha data na kuandika ukurasa mmoja wa walichokiona, tungekuwa na kitu. KIPPRA tayari ina mpango wa ulezi unaofika vyuo vikuu na vya kiufundi. Basi mwanzo upo, uongezwe kina.

Na kila mradi unaoajiri enumereta kutoka vyuoni uwe na siku moja, siku moja tu, ya kuwarudishia matokeo: hili ndilo tuliuliza, hili ndilo tulipata, hapa hatuelewi, nyinyi mlisikia nini huko nje? Gharama yake ni ukumbi na chai. Faida yake ni kwamba mtu aliyekuwa mguu anaanza kuwa kichwa.

Kwa upande wetu, makomredi, hatuna kisingizio kikubwa kama tunavyojiambia. KNBS inaweka data ghafi za tafiti zake kwenye hifadhi ya mtandaoni; unajisajili, unaeleza unaitakia nini. Tafiti za FinAccess kuhusu jinsi Wakenya wanavyotumia pesa zimefanywa tangu 2006, na data zake hutolewa. Karatasi za zamani za IDS, za miaka ile ya Todaro, zimepigwa skani na ziko wazi kusomwa. Mradi wa mwaka wa nne ambao wengi tunaununua ama tunaunakili kule karibu na lango la chuo unaweza kuwa kazi halisi. Je, Fuliza imebadilisha kiasi ambacho mama mboga anaagiza asubuhi? Kwa nini nauli ya Kawangware inapanda mvua ikinyesha na bei ya mahindi choma haipandi? Unga wa kadogo unagharimu kiasi gani kwa kilo ukilinganisha na pakiti kubwa, na ni nani anayelipa hiyo tofauti? Hakuna profesa wa Boston atakayekuzidi kwa maswali hayo, kwa sababu wewe unakaa ndani yake.

Kama unadhani vijana hawana hamu ya mambo haya, kumbuka Juni 2024. Mswada wa Fedha ulikuwa na VAT ya asilimia 16 kwa mkate na kodi ya asilimia 2.5 kwa magari. Watu wa rika letu waliusoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaueleza kwa video za dakika moja. Tarehe 25 watu walikufa barabarani hapa tao. Tarehe 26 rais akakataa kutia sahihi. Ilikuwa darasa kubwa zaidi la uchumi wa umma ambalo nchi hii imewahi kuwa nalo, na wengi waliolifundisha hawakuwa na shahada hata moja.

Lakini pia nilikuwa ndani ya zile jumbe, na niliona namba zikizunguka bila mtu wa kuzipima. Kodi fulani itaumiza nani, kwa kiasi gani? Tulijua kwa hasira, hatukujua kwa hesabu. Wizara ilikuja na hesabu zake, mashirika ya kigeni yakaja na zao. Yetu haikuwepo, kwa sababu hakuna aliyekuwa ametuzoesha kuitengeneza tukiwa na miaka 21. Hiyo ndiyo gharama ya mlango kuwekwa juu. Mswada mwingine huja kila mwaka, kabla ya Juni kuisha, na swali la nani anajua kuupiga hesabu litarudi nao.

Kwa hivyo kama uko mwaka wa pili, usingoje uzamili. Chagua swali moja la mtaa wako, ambalo unaweza kulijibu kwa kuhesabu kitu kwa wiki 6. Mtafute mhadhiri mmoja aliye tayari kusoma kurasa 10. Kama wewe ni mhadhiri ama mtafiti na umesoma mpaka hapa, mkumbuke Bell, kisha uangalie orodha ya wanafunzi wako. Na ukimaliza hiyo kazi, komredi, irudishe kwa mama aliyekupa majibu. Anangoja kujua yalienda wapi.